Mlonge: mboga iliyopandishwa cheo ikaitwa daktari

Kwenye stendi ninapobadilishia daladala kuna kijana anauza mbegu za mlonge. Amezifunga kumi kumi, na kila kipakiti amekipangia kazi yake: hiki cha presha, hiki cha sukari, hiki cha vidonda vya tumbo, na kingine hukitaja kwa sauti ya chini mteja akiwa mwanaume. Mbegu ni zilezile. Ukimtilia shaka habishani nawe. Anapasua ganda lenye mabawa matatu mepesi kama karatasi, anakupa kiini cheupe utafune. Ni kichungu. Kisha anakusogezea chupa ya maji: "Kunywa, mzee wangu, halafu uniambie." Unakunywa, na maji yaleyale ya kawaida yanakuwa matamu mdomoni, kama yametiwa asali kidogo. "Umeona? Imeshaanza kazi."

Utamu ule ni wa kweli, nimeujaribu mara mbili. Lakini ni mchezo wa ulimi. Mtu akipiga mswaki kisha akanywa juisi ya chungwa huiona imegeuka chungu, wala hasemi kwamba dawa ya meno imemtibu figo. Kinachotokea mdomoni hakisemi lolote juu ya kinachotokea kwenye mishipa ya damu. Hata hivyo ile chupa ya maji inauza kuliko maelezo ya daktari yeyote, na kwenye simu zetu ujumbe wa "mti unaotibu magonjwa 300" unazunguka kila baada ya miezi michache ukiwa umebadilishwa picha tu.

Haitoshi kuuliza kama mlonge "unafanya kazi au haufanyi". Kazi gani? Sehemu ipi ya mti? Kiasi gani? Kwa nani? Tukilichanganua swali hilo vipande vipande, mti huu unabaki na heshima yake, tena nyingi, ila si ile anayoiuza kijana wa stendi.

Mti wenyewe

Mlonge ndio mti ambao wataalamu wa mimea huuita Moringa oleifera. Kwa Kiswahili una majina mengi: mronge, mzunze, mboga chungu, mjungu moto, inategemea umeshukia mji gani. Asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, kaskazini mwa India, na neno "moringa" lenyewe limetokana na Kitamil, murungai. Kwetu ni mgeni aliyekaa sana mpaka akahesabiwa mwenyeji. Kenya umelimwa Kibwezi, Mbololo na Likoni, na soko kubwa la zamani halikuwa la unga wa majani. Lilikuwa la maganda yake marefu ya kijani, ambayo familia za Kihindi hukata vipande na kupika kwenye mchuzi. Wagujarati huyaita saragvo. Unakamua nyama ya ndani kwa meno kama unayefyonza muwa, kisha unatema makapi.

Ndugu zake wa karibu ni wengi. Aina za moringa zinazojulikana ni 13. Wakonso wa kusini mwa Ethiopia wanayo yao, Moringa stenopetala, yenye shina nene, ambayo majani yake kwao ni chakula cha kila siku hasa. Oman na Bara Arabu kuna Moringa peregrina, inayosifika kwa mafuta ya mbegu zake. Tafiti nyingi zinazotajwa mitandaoni zilifanywa kwa oleifera.

Ndugu wa mbali ndio wanaoshangaza. Katika mpangilio wa mimea, mlonge uko kundi moja na kabichi, sukumawiki, haradali na mpapai, na huyu wa mwisho ndiye jamaa yake wa karibu zaidi katika hao. Ukitaka kuamini bila kitabu, tafuna mbegu ya papai. Ule muwasho unaopanda puani ni wa kemikali za ukoo uleule zinazoupa mlonge ukali wake. Mti huzitengeneza ili kujikinga na wadudu. Wanasayansi wanaochunguza uwezo wa mlonge kama dawa wanazifuatilia sana kemikali hizo, kwa hiyo si upuuzi kuuliza kama zinaweza kumsaidia mtu. Shida ni kuharakisha jibu.

Kabla ya kuendelea tuelewane maneno matatu. *Chakula* ni kile unachokula ushibe, na kesho ukakila tena bila kuuliza kipimo. *Dawa* ni kitu kilichopimwa kwa watu wenye ugonjwa fulani, kiasi chake kikajulikana, na madhara yake yakaandikwa kwenye karatasi ile ndefu ambayo hatuisomi. Katikati pana *kirutubisho lishe*: unga, kidonge au kopo lenye viini vya chakula, la kujazia kilichopungua kwenye mlo. Mlonge ni chakula. Mara nyingi huuzwa kama kirutubisho. Husifiwa kama dawa. Mkanganyiko wote umekaa hapo.

Hesabu ya chungwa

Umeisikia orodha hii: mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa, vitamini A mara nne ya karoti, kalsiamu mara nne ya maziwa, potasiamu mara tatu ya ndizi, protini mara mbili ya maziwa mgando. Ilipata umaarufu mkubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Mmarekani Lowell Fuglie na wenzake walipokuwa wakitumia unga wa majani kulisha wajawazito na watoto wenye utapiamlo kusini mwa Senegal, nchi ambako mti huu huitwa nebedaay. Kazi ile ilikuwa na nia njema. Namba ndizo zilizotembea zaidi ya kazi.

Tuzipime. Jedwali la chakula la Idara ya Kilimo ya Marekani linasema gramu 100 za majani mabichi ya mlonge zina miligramu 52 hivi za vitamini C. Chungwa, kwa uzito huohuo, lina karibu 53. Sare. Kalsiamu ni miligramu 185 dhidi ya 120 hivi za maziwa. Mlonge unashinda, ila kwa mara moja na nusu. Potasiamu ni 337 na ndizi ina 358. Vitamini A ya majani haifiki hata nusu ya ile ya karoti. Protini ndiyo inayotetea orodha kikamilifu: gramu 9.4, zaidi ya mara mbili ya maziwa mgando, na kwa jani hicho ni kiwango kikubwa kweli. Majedwali ya India yana namba za juu zaidi, na ndiko ile "mara saba" ilikotoka. Udongo, umri wa jani, msimu na namna ya kupima hubadilisha majibu, basi aliyetaka namba nzuri aliichagua.

Halafu likaja kosa kubwa kuliko hilo: kulinganisha unga mkavu na vyakula vibichi. Chukua dagaa. Kilo ya dagaa wakavu ina protini nyingi kuliko kilo ya sangara mbichi, na hakuna anayeshangaa, kwa kuwa sangara amebeba maji na dagaa ameyaacha juani. Jani la mlonge ni hivyohivyo. Ukilikausha, kilichopungua ni maji, na vyote vilivyobaki vinaonekana kuongezeka kwa kila gramu 100. Ila nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Hizo ni kama vijiko kumi vya chakula vilivyojaa, na ladha yake ni ya nyasi iliyochacha.

Hesabu ya haki ni ya kijiko. Kijiko kilichojaa ni kama gramu 10. Kwa namba zilezile zinazotumiwa na wauzaji, kijiko hicho kinakupa protini kama gramu 2.7, yaani chini ya nusu ya yai moja. Kalsiamu ni miligramu 200 hivi, kama theluthi mbili ya bilauri ya maziwa, na hapo napiga makofi. Potasiamu ni 130 hivi, wakati ndizi moja ya kawaida ina zaidi ya 400. Vitamini A, karoti moja ya wastani inaipita mbali. Na vitamini C? Chini ya miligramu mbili, maana vitamini hiyo haivumilii kukaushwa. Ungehitaji vijiko kama 40 kulifikia chungwa moja. Chungwa la Muheza, msimu ukiwa umekolea, huuzwa bei ambayo muuza makopo ya unga hataki uikumbuke.

Sisemi mlonge ni duni. Kijiko kinachotoa kalsiamu na protini kiasi hicho, kwa mtu ambaye mlo wake ni ugali na mboga moja, si kidogo. Ninachosema ni kwamba ni *mboga nzuri sana*, ya daraja la kisamvu na majani ya kunde, na pengine juu yao kidogo kwa baadhi ya vitu.

Kilichoandikwa na kinachoingia mwilini

Mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira si ule unaoupokea mkononi, kuna makato. Virutubishi vya mimea navyo vina makato. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama au maini, kwa sababu jani lina vitu vingine vinavyoyashika na kuyazuia. Sehemu ya kalsiamu ya mlonge nayo imefungwa katika chembe zisizoyeyuka, hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia.

Makato haya yanaweza kupunguzwa jikoni. Limau au ndimu juu ya mboga, au tunda lenye vitamini C baada ya mlo, husaidia chuma kuingia. Chai ya rangi pamoja na chakula hufanya kinyume, na hapo ndipo wengi tunapojiharibia: tunapika mboga kwa ajili ya damu, kisha tunashushia na chai. Vitamini A ya majani nayo inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Bibi zetu wa Pwani hawakusoma hayo popote, ila walipika mboga zao kwa tui la nazi.

Upishi hauna siri. Chambua vijani kutoka kwenye vijiti vyake, maana vijiti ni vigumu na hukaba koo. Majani machanga hayahitaji kuchemshwa na kumwagwa maji. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, funika dakika chache, malizia na tui zito au karanga za kusaga. Wengine huchanganya na mchicha ili kupunguza uchungu, nami ni mmoja wao. Ufilipino, ambako huitwa malunggay, huyatupia kwenye supu ya kuku mwishoni kabisa, sufuria ikiwa inaepuliwa. Maua yake pia huliwa yakishapikwa.

Ukitaka unga, kausha kivulini. Jua kali linapausha majani na kuiua vitamini A pamoja na ule ukijani. Osha kwa maji safi, tandaza juu ya kitambaa ndani ya chumba chenye hewa, geuza kila siku, na yakishakuwa ya kuvunjika ukiyashika, twanga na uchekeche. Hifadhi kwenye chombo cha giza kinachofunga vizuri. Unga uliogeuka rangi ya kahawia, au unaonuka uvundo, usimpe mtoto kwa sababu tu umeandikwa "asilia". Majani yaliyokaushwa chini ya mti kuku wakipita nayo ni ya asili.

Magonjwa 300

Mwarobaini tuliupa jina hilo kwa madai ya kutibu magonjwa arobaini. Mlonge ukaja na mia tatu. Mfumuko wa bei umefika hadi kwenye miti.

Hakuna anayekataa kwamba mti unaweza kuzaa dawa. Kwinini ilitoka kwenye gamba la mti, na milima ya Kivu huko Kongo imelima miti hiyo kwa miongo mingi. Dawa mseto ya malaria tunayopewa leo ina kiini cha mmea wa Artemisia. Lakini siku hizi mmea hupita ngazi tatu kabla haujahesabiwa dawa. Ya kwanza ni sahani ya maabara: unamwagia dondoo la mmea juu ya seli au vijidudu, unaona kinachotokea. Ya pili ni panya. Ya tatu ni watu, wakiwa wamegawanywa makundi, wengine wakipewa kitu chenyewe na wengine kitu kinachofanana nacho kisicho na nguvu, ili matumaini ya mgonjwa yasihesabiwe kuwa ni dawa.

Madai mengi ya mlonge yamekwama ngazi ya kwanza na ya pili. Saratani ndiyo mfano mkubwa. Ni kweli dondoo la majani limewahi kuua seli za saratani kwenye sahani. Hata siki itaziua, hata maji ya betri. Kazi ngumu ni kuua seli hizo zikiwa ndani ya mtu, bila kumuua mtu, na kwa mlonge hilo halijaonyeshwa.

Kisukari kina ushahidi wa watu, ingawa mdogo, na hapa inafaa tukae kidogo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi. Wenye kisukari 17 na wazima 10 walipewa mlo wao wa kawaida, siku moja mtupu na siku nyingine umechanganywa na gramu 20 za unga wa majani ya mlonge. Kwa wenye kisukari, sukari haikupanda sana kama siku ya mlo mtupu. Matokeo mazuri. Lakini walilalamikia ladha, na kilichopimwa ni saa chache baada ya mlo mmoja tu. Mwaka mmoja kabla yake ulichapishwa utafiti wa Thailand: wagonjwa 32 waliokuwa hawajaanza dawa, nusu wakimeza vidonge vya majani gramu 8 kwa siku kwa wiki nne, nusu vidonge visivyo na kitu. Sukari yao haikutofautiana. Tafiti hizi hazigombani. Ya kwanza inasema majani mengi ndani ya chakula yanaweza kupunguza kasi ya sukari kupanda. Ya pili inasema vidonge havikudhibiti ugonjwa. Mboga za majani na nyuzinyuzi kwa ujumla hupunguza ile kasi. Mtu wa kisukari anayekula mlonge mwingi badala ya kuongeza tonge la ugali anajitendea haki. Anayeacha metfomini, dawa yake ya kisukari, kwa ajili ya mlonge anacheza.

Kwa maziwa ya mama anayenyonyesha, Ufilipino wana desturi ya zamani ya kumpa mzazi malunggay, na majaribio machache madogo yameunga mkono kwamba maziwa huongezeka. Hilo nalo si la kubeza, tena supu ya majani haimdhuru mzazi aliyezoea mboga.

Kwenye presha ninapata shida kuandika kwa utulivu. Mjomba wangu, dereva mstaafu, aliacha vidonge vyake miezi miwili akanywa unga wa mlonge kwenye uji. Alikuwa akituambia kwa furaha kwamba anajisikia kijana. Siku shangazi alipomburuta kwenda kupima, mashine ilisoma 190 kwa 110. Akabisha: "Mbona siumwi?" Ndiyo tabia ya presha. Bomba la maji lenye msukumo mkubwa haliumi wala halipigi kelele. Linakaa kimya ukutani hadi siku linapopasuka, na ukuta ni wa ubongo au moyo. Kujisikia vizuri si kipimo cha presha. Kipimo ni mashine, na kwa watu, ushahidi kwamba mlonge pekee unaishusha na kuishikilia chini bado ni mwembamba sana. Mjomba yupo, ameshakubali vidonge, na uji wake wa mlonge anaendelea nao. Daktari wake hakumkataza. Alimwambia tu asiufiche.

Hilo la kutoficha lina sababu. Mlonge ukichanganyika na dawa za kisukari unaweza kusaidia sukari kushuka kupita kiasi, mtu akatetemeka na kutoka jasho. Majani ya kijani yana vitamini K nyingi, ambayo hupingana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Anayeitumia akianza ghafla kunywa unga kila siku anavuruga kipimo alichopangiwa. Mwenye figo zilizochoka huwekewa mipaka ya potasiamu. Wote hawa wanaweza kula mboga, ila daktari lazima ajue.

Sehemu gani ya mti

"Mlonge hauna madhara, ni wa asili." Muhogo mchungu nao ni wa asili. Mti mmoja unaweza kubeba jani la kula na mzizi wa kuogopwa.

Majani na maganda machanga ndiyo yenye historia ndefu ya kuliwa na familia nzima, wajawazito wakiwemo. Mzizi na gamba la shina ni habari nyingine. Waingereza waliokaa India waliukuna mzizi wa mlonge wakautumia kama kiungo kikali cha mezani, lakini una sumu zinazogusa mishipa ya fahamu, na katika tiba za jadi mizizi na magamba yamewahi kutumiwa kutoa mimba. Mjamzito akiambiwa achemshe mizizi ya mlonge "kusafisha tumbo", akatae hata kama anayemwambia ni mama mkwe.

Na zile mbegu za stendi? Mbegu changa zikiwa bado za kijani ndani ya ganda huchemshwa na kuliwa kama njegere. Zilizokomaa, zile zinazouzwa, mtu akizitafuna nyingi huishia kuhara na kutapika. Muuzaji atakuambia uchafu unatoka. Huo ni mwili unaotoa mbegu.

Ila mbegu zilizokomaa zina kazi moja ambayo ningependa izungumzwe kuliko nguvu za kiume: kusafisha maji. Wanawake wa vijijini Sudan, kandokando ya Nile, walikuwa wakitupia mbegu zilizopondwa kwenye mitungi ya maji ya mto, na mti wakauita kwa Kiarabu mti wa kuchuja. Mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliandika kwa kina juu ya maarifa hayo, na baadaye yakajaribiwa kwa ukubwa kwenye mtambo wa maji wa Thyolo, Malawi. Ndani ya mbegu kuna protini zenye chaji chanya, wakati chembe za tope majini zina chaji hasi. Vinavutana, vinashikana mabonge, mabonge yanazama, na yanashuka na vijidudu vingi vilivyoganda kwenye tope. Kwa maji machafu, mbegu moja iliyomenywa na kusagwa kwa kila lita moja hivi ni makadirio ya kawaida. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu dakika kadhaa, acha saa moja au zaidi yatulie, umimine ya juu.

Watu huteleza hapa pia. Maji yaliyong'aa hayajawa salama. Vijidudu vimepungua sana, lakini havijaisha, na mabaki ya mbegu ni chakula cha vilivyobaki, ndiyo maana maji hayo yakikaa siku nzima huanza kuharibika. Yachemshe au tia dawa ya maji kama kawaida. Faida ni kwamba maji yaliyotulia yanahitaji dawa kidogo kuliko yenye tope. Mbegu zikikamuliwa mafuta kwanza, mashudu yake bado yana zile protini na yanaweza kufanya kazi hiyohiyo ya kutuliza maji.

Kabla hujanunua kopo

Mlonge huota kwenye udongo wa kichanga, huvumilia ukame, na huchukia maji yaliyotuama kwenye mizizi. Kwa hiyo Pwani, Dodoma, Makueni, mtu mwenye ua wa mita chache hapungukiwi nafasi. Unaweza kupanda mbegu, zinaota ndani ya wiki mbili hivi, au kukata tawi gumu la urefu wa kama mita moja, unene wa mpini wa jembe au zaidi, na kulichomeka ardhini mvua zinapokaribia. Usimwagilie kila siku, litaoza.

Kosa la wengi ni kuuacha urefuke. Ndani ya mwaka unapita paa, majani yanakaa juu ambako hayafikiki, na mti unakuwa wa kivuli tu, tena kivuli chembamba. Shangazi ameukata wa kwake usawa wa kifua mara ya kwanza ulipofika huko, na kila unapochipua matawi ya pembeni anayapunguza tena. Sasa umekuwa kichaka. Jioni anapokosa mboga anamtuma mjukuu wa miaka sita na ungo, na mtoto anarudi nao umejaa bila kupanda juu ya kiti.